Magari ya mfano: Sanaa ya mikono inayohifadhi historia ya barabara za Mlima Kenya

WATOTO wa Timau, sawa na wenzao wa vijiji vingi vya Afrika Mashariki, hujifunza udereva kabla ya kutimiza miaka kumi. Gari lenyewe ni la waya. Fremu yake hukunjwa kwa mkono au kwa koleo, magurudumu hukatwa kutoka kwa kandambili zilizochakaa au kutengenezwa kwa vifuniko vya chupa, na usukani huinuliwa kwa waya mrefu hadi kifuani mwa dereva, ambaye hukimbia nyuma ya gari lake huku akiunguruma kwa mdomo na kubadilisha gia.

Kwa wengi, safari hiyo hukoma mara tu mtoto anapoona haya kuonekana na waya barabarani. Hata hivyo, wapo watu wazima, nchini na ng'ambo, ambao hawakuacha. Walichofanya ni kuongeza makini. Wakaanza kupima magari halisi, wakayapunguza kwa hesabu, wakachonga milango, viti, taa na hata vipini vya kufungulia madirisha. Kazi hiyo ndiyo huitwa uundaji wa magari ya mfano, na ina kanuni zake, historia yake na hatari zake. Makala haya yanaeleza misingi yake kwa msomaji anayetaka kuianza, au mzazi ambaye mwanawe amerudi nyumbani na agizo la mwalimu la kuunda kitu kwa vifaa vinavyopatikana karibu.

Timau ni mahali pafaapo kwa somo hili. Mji huo ulioko katika Kaunti ya Meru, kilomita zipatazo 20 kutoka Nanyuki, umekaa kando ya barabara kuu iendayo Meru, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Mashamba ya ngano na shayiri yameuzunguka, pamoja na yale ya viazi, karoti na maua. Kwa hivyo, anayeketi kando ya barabara hiyo kwa saa moja huona magari ya aina nyingi: trekta na mashine za kuvunia ngano, malori ya viazi yaliyofunikwa turubai, magari yenye majokofu ya kubebea maua, matatu za kuelekea Nanyuki na Meru, na malori ya wanajeshi wa Uingereza ambao hufanyia mazoezi katika eneo la Laikipia. Mwundaji hahitaji kitabu cha picha. Vielelezo vinampitia mlangoni.

Kipimo ndicho msingi

Tofauti kati ya gari la kuchezea na gari la mfano ni kipimo. Gari la kuchezea linaweza kuwa na magurudumu makubwa kupita kiasi na paa la juu, na mtoto asijali. Gari la mfano sharti kila sehemu yake iwe imepunguzwa kwa kiwango kilekile. Kiwango hicho huandikwa kama 1:24, maana yake sentimita moja ya mfano inawakilisha sentimita 24 za gari lenyewe. Vipimo vingine vinavyotumika sana ni 1:18, 1:25 ambacho Wamarekani hukipenda, 1:43 na 1:64. Kadiri nambari ya pili inavyokuwa kubwa ndivyo gari linavyokuwa dogo.

Kwa anayeanza, 1:24 ndicho kipimo cha busara. Gari dogo la kawaida hutoka na urefu wa takriban sentimita 18, nalo hutosha kuonyesha mambo ya ndani bila kuumiza macho. Basi la mita 12, kwa upande mwingine, litakuwa na nusu mita kamili, na mwenye nyumba ndogo afikirie mapema atakapoliweka. Mtu wa kimo cha mita 1.70 atakuwa na sentimita saba hivi. Ni vyema kukata kikaragosi cha karatasi cha kimo hicho na kukisimamisha karibu na kazi kila mara, kwani jicho hutambua upesi mlango ambao mtu hawezi kuupita au kiti ambacho magoti hayawezi kuingia.

Hesabu hiyo ina ukali wake. Kosa la milimita moja katika mfano ni kosa la milimita 24 katika gari halisi. Boneti iliyozidi milimita tatu tayari imelipa gari pua ngeni ya zaidi ya sentimita saba, na yeyote aliyewahi kulipanda gari hilo atasema halifanani hata kama hawezi kueleza kwa nini.

Kupima gari halisi si kazi ngumu. Omba ruhusa kwa dereva kwanza, maana mtu anayezunguka lori la mwenyewe akiwa na utepe wa kupimia huzua maswali. Pima urefu, upana, kimo, umbali kati ya mhimili wa gurudumu la mbele na la nyuma, na kipenyo cha tairi. Kisha piga picha za pande zote nne ukiwa umesimama mbali iwezekanavyo. Picha ya karibu, hasa ya simu, huvimbisha sehemu iliyo mbele na kupunguza iliyo nyuma, nayo imewapotosha wengi. Simamisha pia fimbo yenye urefu unaojulikana kando ya gari ili vipimo ulivyosahau uweze kuvitoa pichani baadaye.

Kutoka Nyeri hadi kisanduku cha kiberiti

Sanaa hii ina uhusiano wa ajabu na eneo la Mlima Kenya, ingawa wachache huukumbuka. Mnamo Februari 6, 1952, Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alikuwa katika hoteli ya Treetops, msituni Aberdare karibu na Nyeri, babake Mfalme George wa Sita alipofariki. Alipanda mtini akiwa binti wa mfalme, akashuka akiwa malkia. Kutawazwa kwake mwaka wa 1953 kulizaa mambo mawili yanayotuhusu hapa.

La kwanza ni mbio za magari zilizoanzishwa mwaka huo huo katika Afrika Mashariki kuadhimisha kutawazwa huko, ambazo baadaye zilijulikana ulimwenguni kote kama Safari Rally. La pili ni kwamba kampuni ya Lesney ya London iliuza zaidi ya magari milioni moja madogo ya farasi, mfano wa lile lililombeba malkia. Faida hiyo iliisaidia kampuni kuanzisha magari ya Matchbox. Inasimuliwa kwamba mmoja wa wenye kampuni, Jack Odell, alikuwa na binti ambaye shule yake iliruhusu mwanafunzi kuja na mwanasesere anayetosha ndani ya kisanduku cha kiberiti tu. Baba akamtengenezea mtambo mdogo wa kushindilia barabara, ukatosha kisandukuni, na wanafunzi wenzake wakautamani.

Hayo yalikuwa magari ya chuma yaliyokwisha kuundwa. Magari ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe yana asili nyingine, na mkulima wa Timau ataipenda. Kampuni ya Airfix ya Uingereza, ambayo jina lake lilikuja kuwa sawa na kazi hii, ilitoa mfano wake wa kwanza wa aina hiyo mwaka wa 1949. Haukuwa wa ndege wala wa gari la kifahari. Ulikuwa wa trekta ya Ferguson, ile ndogo ya kijivu. Kampuni ya Ferguson ilitaka mifano ya kuwapa wauzaji wake waitembeze kwa wateja, lakini kuiunganisha kiwandani kulikuwa na gharama, hivyo ikaonekana ni nafuu kuuza vipande na kumwachia mnunuzi kazi ya gundi. Jina la Ferguson, likiunganishwa na la Massey, bado liko kwenye boneti za trekta nyekundu zinazolima mashamba ya ngano hadi leo.

Wajapani ndio waliopandisha kazi hii daraja. Tamiya, kampuni ya Shizuoka iliyoanza mwaka wa 1946 kama biashara ya mbao, iligeukia plastiki ikawa maarufu kwa vipande vinavyokutana bila pengo. Hasegawa, ya mkoa huohuo, imetoa magari kadhaa ya Safari Rally kwa kipimo cha 1:24. Miongoni mwayo ni Datsun 240Z iliyoshinda mwaka wa 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na Mitsubishi Lancer ambayo Tommi Mäkinen alishinda nayo mwaka wa 1996. Datsun yenyewe, nyekundu yenye boneti nyeusi isiyong'aa ili jua lisimpige dereva machoni, imehifadhiwa na kampuni ya Nissan nchini Japani.

Gari la Safari Rally ni mtihani mzuri wa mwundaji. Halikuwa sawa na magari ya mbio za Ulaya. Lilikuwa limeinuliwa juu ili kuvuka makorongo, likawekwa vyuma vya mbele vya kulikinga dhidi ya wanyama, taa za ziada, na katika miaka ya baadaye bomba la kuvutia hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele kwa ajili ya kuvuka mito. Anayeunda Lancer ya Joginder Singh ya 1974 au Datsun ya Shekhar Mehta ya 1973 halafu akaiacha chini kama gari la lami ameunda gari jingine kabisa. Mbio hizo zilipitia barabara za kuuzunguka Mlima Kenya mara kadhaa katika enzi zake za awali. Ziliondolewa kwenye ratiba ya dunia baada ya mwaka wa 2002 na kurejeshwa mwaka wa 2021, safari hii zikiwa na makao yake Naivasha.

Vifaa vilivyo karibu

Paketi za plastiki kutoka ng'ambo ni ghali zikifika nchini, na maduka yanayoziuza si mengi hata jijini Nairobi. Isitoshe, hakuna paketi ya lori la viazi lenye mbao za kuongezea kimo pembeni, wala ya matatu iliyoundiwa bodi nchini. Kwa hivyo, mwundaji wa hapa hulazimika kuanza bila chochote, na kwa maoni ya mwandishi hilo ni heri yake. Anayeunganisha vipande vya kiwandani hujifunza subira, ilhali anayeanza na karatasi tupu hujifunza gari.

Kadibodi ngumu ya katoni za dawa au za viatu hutosha kwa bodi ya kwanza. Kadibodi yenye mawimbi ndani haifai, kwa sababu mistari yake hujitokeza chini ya rangi. Jerikeni zilizopasuka hutoa plastiki laini isiyoshika gundi vizuri, hivyo ni bora kutumia vipande vya dari za plastiki au mabomba ya maji yaliyopashwa moto na kulazwa yawe bapa. Mikebe ya mafuta ya kupikia hutoa bati jembamba la vibawa na vyuma vya bampa. Mabaki ya mbao za saipresi, ambazo hazikosekani katika viwanda vya mbao vya eneo hili, hufaa kwa chombo cha nyuma cha lori, kwani nyuzi zake ni nyembamba na hazionekani kuwa kubwa mno zinapowekwa kwenye mfano mdogo.

Vioo ni shida ya kila mwundaji. Chupa safi ya maji au soda hukatwa, ikabanwa juu ya kipande cha mbao chenye umbo la kioo cha mbele, kisha ikapashwa joto polepole hadi ikakubali umbo hilo. Filamu kuukuu za eksirei zikiloweshwa kwenye dawa ya kung'arishia nguo na kusuguliwa hubaki karatasi angavu, imara na bapa, bora kuliko chupa kwa madirisha ya pembeni.

Vyombo vya kazi si vingi: wembe au kisu chembamba, rula ya chuma, koleo la ncha ndefu, msasa wa viwango vitatu kuanzia mkavu hadi mwororo, sindano ya kutobolea, brashi mbili na kibanio cha nguo. Anayejua kulehemu waya kwa lehemu atakuwa na nguvu zaidi, maana kiungo cha waya kilicholehemiwa kina unadhifu ambao kilichozungushwa hakiwezi kuwa nao. Ile fremu ya utotoni hapa haitupwi. Waya wa ua uliokunjwa kwa kipimo ni uti wa mgongo mzuri sana wa basi au lori, na kadibodi huvishwa juu yake kama ngozi.

Tuchukue Peugeot 504

Mfano mmoja utaeleza zaidi ya maneno ya jumla. Peugeot 504, iliyoanza kuundwa Ufaransa mwaka wa 1968, iliunganishwa pia humu nchini na kwa miaka mingi ilibeba abiria wa masafa marefu kati ya Nairobi na miji ya Mlima Kenya na ya Bonde la Ufa. Lile la safu tatu za viti lilikuwa na urefu wa mita 4.80. Ukigawanya kwa 24 unapata sentimita 20 kamili, jambo linaloifanya kuwa gari la kufundishia. Mihimili yake iko mbali kwa mita 2.90, yaani sentimita 12.1 kwenye mfano. Upana wa mita 1.69 unakuwa sentimita saba.

Chora pembeni ya gari kwenye karatasi ya miraba kwa ukubwa huo. Kata pembe mbili zinazofanana, kushoto na kulia, zikiwa na matundu ya madirisha na ya magurudumu. Ziunganishe kwa kuta za kati tatu: moja nyuma ya injini, moja chini ya kiti cha dereva, na moja nyuma. Kuta hizi ndizo zinazozuia bodi kupinda, na waundaji wanaozipuuza huishia na gari lililolegea kiuno. Paa huwekwa mwisho, baada ya viti, usukani na dashibodi kukamilika, kwa kuwa hakuna kidole kitakachoingia humo tena.

Uso wa gari ndio unaolitambulisha. Taa za mbele za 504 za kifahari hazikuwa za mviringo. Zilikuwa na pembe nne zisizo sawa, zimeinamia kidogo nje kama macho ya mtu aliyechoka. Lakini pikapu ya 504, ile iliyobeba kabichi, maziwa na kondoo hadi bodi ikalala, ilikuwa na taa za mviringo. Anayezibadilisha atasahihishwa na kila mzee aliyewahi kumiliki gari hilo. Gari la abiria la masafa marefu lilikuwa pia na keria juu ya paa, na keria hiyo isiachwe tupu. Godoro lililofungwa kwa kamba na magunia mawili yaliyoshonwa kwa kitambaa chembamba yatasema mengi kuliko rangi yoyote.

Magari haya yanapotea. Mengi yameuzwa kama vyuma chakavu, na picha zake za familia mara nyingi huonyesha watu waliosimama mbele, gari likiwa limefichwa nyuma ya mashati. Mfano uliopimwa wakati gari moja bado liko uani kwa jirani unaweza kuwa kumbukumbu pekee itakayobaki ya namna viti vilivyopangwa, mahali mlango ulipofungwa kwa kamba, na jinsi fundi alivyoongeza springi za nyuma ili gari lihimili mzigo ambao Wafaransa hawakuukusudia.

Matatu na tarehe zake

Hakuna gari linalodai usahihi wa tarehe kama matatu. Jina lenyewe, kama inavyoelezwa mara nyingi, lilitokana na nauli ya mapeni matatu ya senti kumi. Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta iliyaruhusu rasmi magari hayo mwaka wa 1973, na mengi ya wakati huo yalikuwa pikapu zilizofunikwa nyuma na kuwekwa benchi.

Miaka ya 1990 ilikuwa ya michoro, majina makubwa na muziki. Kisha, Februari 1, 2004, kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki zikaanza kutekelezwa: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo, na ukanda wa manjano wa milimita 150 kuzunguka gari, ukiwa na maandishi ya njia. Michoro ikatoweka. Kwa mfano wa 1:24, ukanda huo una upana wa milimita sita na robo, na usipopimwa utaonekana kama mshipi wa mwanamieleka. Mwaka wa 2014, Rais Uhuru Kenyatta alijitokeza kuitetea sanaa ya michoro ya matatu kama ajira ya vijana, na tangu hapo rangi zimerudi kwa kishindo, hasa Nairobi.

Kwa hiyo, matatu yenye picha za wanamuziki na ukanda mpya wa mwaka wa 2005 kwa pamoja ni uongo wa kihistoria. Vilevile, majina ya vyama vya ushirika vya wamiliki ubavuni yalienea baada ya serikali kuwataka wajiunge katika vyama hivyo mwanzoni mwa miaka ya 2010.

Nambari za usajili nazo husaliti. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, gari la Kenya lilikuwa na herufi tatu na tarakimu. Mtindo wa KAA wenye herufi ya nne mwishoni ulianza mwaka wa 1989. Ulifuatwa na KBA mwaka wa 2007, KCA mwaka wa 2014 na KDA mwaka wa 2020. Katika mtindo huo, kibao cha mbele ni cheupe na cha nyuma cha manjano, vyote vikiwa na maandishi meusi. Trela husajiliwa kwa herufi inayoanza na Z, na trekta zina mfululizo wao. Busara nyingine: usitumie nambari ya gari halisi la jirani bila kumwomba. Wengine huona kama limerogwa.

Baridi, rangi na mapafu

Timau ina baridi, na ukungu hushuka asubuhi na jioni. Hali hiyo huathiri rangi. Rangi za kupuliza zikitumiwa hewani penye unyevu mwingi hukauka zikiwa na utando mweupe kama maziwa, na mwundaji hulaumu duka. Wakati mzuri ni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri siku ya jua. Weka mkebe wa rangi kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kamwe si kwenye moto, kisha puliza tabaka nyembamba tatu au nne badala ya moja nzito. Tabaka nzito hujaza mistari ya milango na kuifuta kazi ya wiki nzima.

Kabla ya rangi yenyewe, paka rangi ya msingi ya kijivu. Itaonyesha kila mkwaruzo na kila pengo. Jaza kwa filla, sugua kwa msasa wenye maji, paka tena. Hatua hii haina utamu wowote na ndiyo inayotenganisha kazi nzuri na mbaya.

Kuna hatari ambayo wazazi hawapaswi kuipuuza. Baridi huwafanya watu wafunge madirisha na kuwasha jiko la makaa. Chumba kilichofungwa chenye mvuke wa thina na jiko linalowaka kinaweza kulipuka moto, na hewa ya makaa yenyewe huua bila harufu. Kazi ya rangi na gundi ifanyiwe nje au kwenye veranda. Gundi ya haraka huunganisha vidole na kope za macho upesi kuliko inavyounganisha plastiki, na mvuke wake huwasha. Watoto wasiyeyushe betri kuukuu za magari ili kupata risasi ya kutengenezea vitovu vya magurudumu, desturi ambayo imeonekana katika sehemu mbalimbali. Madini hayo huharibu ubongo wa mtoto kwa kiasi kidogo sana, na ndiyo sababu Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa milioni moja katika rangi. Rangi kuukuu zilizosahaulika stoo zisitumiwe wala zisisuguliwe kwa msasa mkavu.

Vumbi la mahali

Gari jipya linalong'aa ni rahisi kuliunda. Gari lililofanya kazi ni gumu. Baada ya rangi kukauka kwa siku kadhaa, tengeneza maji ya rangi: tone moja la kahawia iliyokolea katika matone kumi ya maji yenye sabuni kidogo. Pitisha kwenye mistari ya milango, kati ya mbao za lori na kuzunguka vifundo vya magurudumu, kisha pangusa kwa kitambaa kuelekea chini, upande ambao mvua hutiririkia. Mistari iliyokuwa mfu itaonekana.

Kutu huanzia mahali ambapo maji hukaa: chini ya milango, kingo za vibawa, pembe za chombo cha mizigo. Haitokei katikati ya paa bila sababu. Ncha ya sponji iliyochovywa rangi ya chungwa iliyochanganywa na kahawia, ikakaushwa karibu yote kwenye karatasi, hutosha kwa madoa madogo. Wengi huzidisha hapa. Lori la miaka mitano hupakwa kutu ya meli iliyozama.

Kwa vumbi, hakuna rangi ya dukani inayoshinda udongo wenyewe. Chukua udongo mkavu wa mahali ambapo gari lilifanya kazi, upepete kwa soksi nyembamba ya kike hadi ubaki unga, uchanganye na chaki iliyosagwa kidogo ili usiwe mzito, na uupake kwa brashi kavu. Lori la tambarare za Laikipia litakuwa na tope jeusi lililoganda kwenye matairi. Pikapu ya miraa ya Nyambene itakuwa nyekundu hadi madirishani. Lori lililosafiri kati ya sehemu hizo mbili litakuwa na rangi zote mbili, nyekundu juu ya nyeusi au nyeusi juu ya nyekundu, kulingana na lilikotoka mwisho.

Wanafunzi wanaounda magari haya chini ya mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika katika madarasa ya chini nchini kote mwaka wa 2019, mara nyingi huletewa kazi iliyokamilishwa na fundi wa mtaani siku moja kabla ya kukabidhi. Mwalimu anayetaka kujua ukweli na aulize vipimo. Aliyeunda mwenyewe atajua umbali kati ya mihimili bila kuangalia, kwa kuwa atakuwa ameukata vibaya angalau mara moja.

Mfano uliokamilika usiwekwe dirishani. Jua la karibu na Ikweta, hasa kwenye mwinuko kama huu, hufifisha nyekundu na manjano mapema kuliko rangi nyingine na kuikunja kadibodi. Kabati la kioo lisiloelekea jua linafaa, likiwa na kipande cha karatasi chini ya kila gari kinachosema ni gari gani, lilipimwa wapi, kwa kipimo gani na mwaka gani.